Nyumba ya shambani ya mawe Uingereza: dalili za ubovu, chanzo chake na pa kuanzia

Nyumba kongwe za wakulima wa Uingereza zimejengwa kwa mawe yaliyopatikana karibu. Cotswolds utakuta mawe ya chokaa yenye rangi ya asali, mabonde ya Yorkshire yana mawe ya mchanga yaliyogeuka kuwa meusi, Cornwall wana itale. Sura zatofautiana, lakini malalamiko ya wanaoishi humo yanafanana mno: ukuta umelowa, lipu inabanduka, kuna ufa juu ya dirisha, moshi unarudi ndani. Ukifuatilia, mara nyingi aliyeharibu si mzee aliyejenga mwaka 1680. Ni fundi aliyekuja kurekebisha miaka ya sabini akiwa na mfuko wa saruji.

Ukuta wa kawaida wa nyumba hizi una unene wa sentimita 50 hadi 70, na kwa kweli ni kuta mbili: ya nje na ya ndani, zimesimama zikipeana mgongo, katikati pamejazwa vipande vya mawe, udongo na chokaa. Hapa na pale liko jiwe refu linalopita upande hadi upande kuzifunga pamoja. Msingi wa zege hakuna. Chini kabisa ni mawe makubwa yaliyolazwa kwenye mfereji usio na kina, na karatasi ya kuzuia unyevu haijawahi kuwekwa. Mvua ikinyesha ukuta unanywa maji. Upepo ukivuma unayatoa kupitia viungo vya chokaa. Nyumba iliundwa ilowe na ikauke. Kwa hiyo karibu kila dalili hapa chini inaanza na maswali mawili: maji yanaingilia wapi, na kitu gani kinayazuia yasitoke?

Kabla hujashika nyundo

Angalia kama nyumba imeorodheshwa kisheria kuwa jengo la kihistoria linalolindwa. Orodha hiyo inatunzwa na Historic England, taasisi ya serikali ya uhifadhi, inasomwa bure mtandaoni, na ina majengo na miundo takriban 400,000. Zaidi ya asilimia 90 ni daraja la II, la chini kati ya madaraja matatu, na ndilo utakalolikuta kwenye nyumba nyingi za shambani. Watu hudhani daraja la II linalinda sura ya mbele tu. Sivyo. Linashika nyumba nzima, nje na ndani, na kwa kawaida linashika pia mabanda na kuta za uani zilizokuwapo kabla ya tarehe 1 Julai 1948. Kubadili kitu kinachogusa hadhi yake bila kibali cha halmashauri ni kosa la jinai chini ya sheria ya mwaka 1990, na kifungo chaweza kufika miaka miwili. Kuomba kibali hakuna ada. Matengenezo madogo ya kurudishia kilichokuwapo kwa vifaa vilevile kwa kawaida hayahitaji kibali, ila mpigie afisa uhifadhi wa halmashauri kwanza. Kama umepanga, mwenye nyumba ndiye wa kuuliza; wewe andika dalili, piga picha, weka tarehe.

Dalili ya kwanza: ukuta umelowa kwa chini, lipu inavimba na kutoa unga mweupe

Hili ndilo lalamiko linaloongoza, na ndilo linalowatajirisha wauzaji wa dawa za unyevu.

Anza na gata na mabomba ya kushusha maji. Usikague siku ya jua. Subiri mvua kubwa, vaa koti, toka nje usimame utazame. Gata linalofurika katikati limeziba majani au limelegea kwenye vishikizo. Mabomba ya zamani ya chuma yana hila yake: hupasuka mgongoni, upande unaotazama ukuta, ambako burashi ya rangi haijawahi kufika. Kwa mbele bomba linang'aa. Ingiza kioo kidogo cha kunyolea nyuma yake, utaona mstari wa kutu uliofunguka, na ukutani mkanda wa kijani ulioshuka wima hadi chini. Ukiuona mkanda huo umepata nusu ya jibu kabla hujamlipa mtu yeyote.

Kinachofuata ni usawa wa ardhi. Katika miaka 200 au 300 ardhi ya nje hupanda: samadi, bustani ya maua, kokoto, kisha lami. Pima kutoka sakafu ya ndani hadi ardhi ya nje. Ardhi inatakiwa iwe chini ya sakafu kwa milimita 150 hivi au zaidi. Ikiwa iko juu, ukuta umezikwa, na hakuna dawa itakayousaidia hadi ufukuliwe. Shusha udongo taratibu, au chimba mfereji usio na kina, utie kokoto na bomba lenye matundu la kupeleka maji mbali. Simama ukifika kwenye mawe ya chini kabisa ya ukuta. Ukichimba kupita hapo unaunyang'anya ukuta msingi wake, na hiyo si kazi ya jembe tena; ni ya mhandisi.

Baada ya hapo tazama ukuta wenyewe. Je, viungo vimejazwa saruji? Je, nje kumepigwa lipu ya saruji au rangi ya plastiki? Saruji haipitishi mvuke kama chokaa. Tena hupata nyufa nyembamba kama unywele, maji yanaingia humo na kukosa pa kutokea, yanatafuta njia ya ndani. Wenzetu wa Mji Mkongwe na Lamu wanaufahamu mchezo huu, maana kuta zao za matumbawe na chokaa zimeteswa na saruji vilevile. Na sakafu? Mawe bapa yaliyolazwa moja kwa moja juu ya udongo yalikuwa yakitoa unyevu kidogo kidogo chumba kizima. Yakang'olewa, ikatandazwa karatasi ya plastiki na zege, na unyevu wote ukasukumwa pembeni kwenye kuta. Ukisikia "unyevu ulianza tulipoweka sakafu mpya," umepata chanzo.

Wakati mwingine maji hayatoki nje hata kidogo. Ni mvuke wa kupika, kuoga na kuanika nguo, unaogeuka matone kwenye ukuta wa baridi. Kipimo chake ni rahisi: kausha sehemu ya ukuta, bandika kipande cha karatasi ya alumini ya jikoni, ziba kingo zote kwa gundi ya karatasi, uache siku chache. Maji yakionekana upande wa chumba, ni mvuke wenu wenyewe. Fungua madirisha, washa feni ya jikoni, sogeza kabati mbali na ukuta. Yakiwa nyuma ya karatasi, ukuta ndio wenye maji.

Liko pia doa linalolowa siku za unyevunyevu hata kama mvua haijanyesha wiki nzima. Hiyo ni chumvi. Sehemu nyingi za nyumba hizi zilikuwa mazizi, na mkojo wa ng'ombe wa karne mbili umeacha naitreti ndani ya mawe. Kwingine nyama ya nguruwe ilitiwa chumvi kwenye kona ya jikoni kila msimu. Chumvi hunyonya maji hewani. Kupaka rangi juu yake ni kupoteza pesa. Bandua lipu iliyooza, piga lipu mpya ya chokaa, na ukubali kwamba huenda nayo ikabanduliwa baada ya miaka kadhaa ikishafyonza chumvi. Hiyo ndiyo kazi yake.

Unyevu unaopanda kutoka ardhini wenyewe tu, bila msaada wa mambo yote hayo, nauweka mwisho kabisa wa orodha. Hata hivyo ndio utakaouziwa kwanza. Atakuja mtu na kipimo cha umeme chenye sindano mbili, akichomeke ukutani, kilie. Kipimo hicho kimetengenezwa kwa ajili ya mbao. Ukutani chumvi peke yake inakifanya kilie. Kisha atapendekeza kutoboa matundu na kudunga kemikali. Katika ukuta wa sentimita 60 uliojaa kifusi, kemikali hiyo haiwezi kuaminika kutengeneza tabaka lisilo na mwanya. Ukihitaji ushauri, mlipe mkaguzi wa majengo aliyethibitishwa kwa uhifadhi na asiyeuza dawa yoyote.

Ukishaziba chanzo, vumilia. Mafundi hukadiria mwezi mmoja kwa kila milimita 25 za unene, hali ya hewa ikiwa nzuri. Ukuta wa sentimita 60 unaweza kukutaka miaka miwili. Usikimbilie kupaka rangi.

Simama mara moja ukikuta soketi au waya ndani ya ukuta uliolowa. Zima umeme kwenye swichi kuu, muite fundi umeme.

Dalili ya pili: uso wa mawe unamomonyoka, jiwe linarudi ndani na kiungo kinabaki kimetokeza

Ukiona viungo vimesimama mbele kama fremu na mawe yameliwa katikati yake, huhitaji maabara: saruji ni ngumu kuliko jiwe. Unyevu unatokea kwenye jiwe badala ya kiungo, chumvi inaganda chini ya uso, barafu ya Januari inamalizia. Mawe ya chokaa ya Cotswolds, kwa kuwa ni laini, huumia upesi.

Mara chache zaidi jiwe lilijengwa likiwa limesimamishwa. Mawe ya aina hii yaliumbwa kwa matabaka, na mwashi mzuri huyalaza kama yalivyokuwa machimboni. Likisimamishwa, matabaka yanatazama nje na hubanduka moja baada ya lingine. Hilo halina dawa ila kubadilisha jiwe likifika mahali pabaya. Chanzo kingine ni vyuma: nondo za madirisha na vishikizo vilivyopachikwa ndani ya jiwe. Kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma chenyewe, na jiwe linapasuka kutokea ndani. Tafuta doa la rangi ya chungwa kwenye mpasuko. Na kuna nyumba zilizopigwa mchanga kwa mashine ili "zisafike". Zilivuliwa ngozi yake ngumu ya nje.

Jaribio la kwanza kwenye viungo: chukua tindo nyembamba na nyundo ndogo, gonga saruji mahali pasipoonekana. Ikitoka kwa mapande bila kuvunja kingo za jiwe, iondoe yote polepole. Ikishika na kuvunja jiwe, iache. Itakuja kulegea yenyewe, na madhara ya kuing'oa ni makubwa kuliko ya kuivumilia. Grainda usiiguse. Diski yake inakata mstari mmoja mnyoofu kwenye ukuta usio na mstari mnyoofu hata mmoja, na alama zile hazifutiki.

Kujazia upya: safisha kiungo hadi kina kisichopungua mara mbili ya upana wake, lowesha kwa maji, kisha jaza mota ya chokaa kwa kuisukuma ndani na mwiko mwembamba. Kwa ukuta wa kawaida wa nje, sehemu moja ya chokaa ya haidroliki (inayoganda kwa maji) ya daraja la nguvu 3.5 kwa sehemu mbili na nusu hadi tatu za mchanga mkali wenye chembe mchanganyiko inafaa. Daraja la 5 waachie mabomba ya moshi na sehemu zinazopigwa sana na mvua, na hata huko tazama kwanza ugumu wa jiwe. Usiongeze saruji "kidogo tu ili ishike." Hali ya hewa ikishuka chini ya nyuzi 5 usifanye kazi hii, na nje ya majira ya Aprili hadi Septemba ni bahati nasibu. Funika kwa magunia yenye unyevu siku kadhaa, maana chokaa ikikauka upesi inabaki unga. Vaa miwani na glovu: chokaa mbichi huunguza macho vibaya sana. Ikikuingia jichoni, osha kwa maji mengi bila kukoma na uende hospitali.

Dawa za kupaka ili "kuzuia maji" nazipinga. Maji huingia nyuma yake kupitia viungo, kisha uso wote unabanduka pamoja na dawa.

Dalili ya tatu: nyufa

Juu ya dirisha au mlango ndipo pa kawaida. Kwa nje unaona linta ya jiwe, nzuri na nzima, lakini nusu ya ndani ya ukuta inabebwa na mti wa mwaloni uliofichwa nyuma ya lipu. Unyevu ukiufikia unaoza, ukuta wa ndani unashuka kidogo, ufa unaelekea juu kwa mshazari. Gonga lipu kwa kifundo cha kidole juu ya dirisha. Ikisikika tupu, bandua kipande kidogo na uchome mti kwa bisibisi. Ukizama kwa urahisi, simama. Kubadilisha linta kunahitaji nguzo za muda na mtu anayejua mzigo unakwenda wapi.

Pili ni ufa wima, mnyoofu, kutoka chini hadi juu. Nyumba hizi hazikujengwa siku moja. Kuna chumba kikuu cha karne ya 17, ubavuni kikaongezwa cha karne ya 18, kisha ghala la nafaka likaunganishwa, na mara nyingi mawe ya upande mmoja hayakufungamanishwa na ya upande mwingine. Sehemu hizo zinapumua kila moja kivyake, ufa ukifunguka kiangazi na kujifunga masika. Huo jaza mota laini ya chokaa kisha uendelee na maisha yako.

Baada ya hizo ndipo mfikirie ardhi: bomba la maji machafu lililovunjika na kusomba udongo chini ya pembe ya nyumba, au mti mkubwa kwenye udongo wa mfinyanzi baada ya kiangazi kikali. Ukame wa mwaka 1976 na ule wa 2022 uliacha nyufa nyingi. Mti usiukate kwa hasira. Mfinyanzi ukirudisha maji unavimba na kunyanyua ukuta, na huo ubaya ni mwingine.

Soma ufa kabla ya kuujaza. Mulika kwa tochi. Ukiona vumbi, utando wa buibui na rangi ya zamani ndani, ni mzee. Kingo kali zenye rangi safi ya jiwe ni za juzi. Chora vialama viwili vya penseli pande mbili za ufa, pima umbali, andika tarehe pembeni, rudia kila mwezi kwa mwaka mzima. Mizani inayotumika sana Uingereza inahesabu ufa hadi milimita 5 kuwa mdogo, 5 hadi 15 kuwa wa wastani, 15 hadi 25 kuwa mkali, na zaidi ya hapo kuwa mkali mno. Kwa nyumba ya mawe iliyokwisha kukaa upande kwa karne tatu, upana hauniogopeshi sana kama mwendo. Ufa wa milimita 12 usiobadilika ni historia. Wa milimita 3 uliokuwa 1 mwezi uliopita ni dharura.

Muite mhandisi wa miundo mwenye uzoefu wa majengo ya kale ikiwa ufa unakua, unapenyeza mwanga, umezidi milimita 5 na hujui asili yake, au milango iliyokuwa ikifunga vizuri imeanza kukwama. Kampuni ya bima waarifu mapema. Na usijaze povu la kopo ndani ya ufa wowote. Linazuia maji kutoka na linamficha mhandisi alichokuja kukiona.

Dalili ya nne: ukuta una tumbo

Funga timazi chini ya ukingo wa paa, iache ining'inie, pima umbali wa uzi na ukuta kila nusu mita kushuka. Andika. Tumbo lenyewe lisikutie hofu, kuta nyingi zimezeeka nalo.

Linapokua, mara nyingi sababu ni maji yaliyoingia kichwani mwa ukuta, kwenye gata lililovunjika au paa lililovuja, yakaosha chokaa ya katikati. Kifusi kinashuka na kukusanyika, kikisukuma ukuta wa nje utengane na wa ndani. Mahali palipofanyiwa ubahili wa mawe marefu ya kufungia, hapana cha kuuzuia. Sababu ya pili ni paa kusukuma kuta nje kwa kuwa mtu alikata boriti ya kufungia ili apate kichwa cha mlango darini. Hiyo kagua mwenyewe: panda darini na tochi, tafuta boriti iliyokatwa msumeno. Utashangaa ni mara ngapi ipo. Mimea itambaayo nayo hupenyeza mizizi kwenye viungo. Usiing'oe ikiwa hai, itakuja na mawe. Kata shina chini, iache ife, iondoe kwa vipande.

Hapa kazi ya mwenye nyumba ni kuzuia maji, basi. Kujaza uji wa chokaa ndani, kufunga kwa vyuma visivyoshika kutu, au kubomoa kwa kuhesabu mawe na kujenga upya ni kazi ya wenye ujuzi. Ondoka karibu na ukuta na uite mtu siku hiyohiyo ukiona unga mpya wa mota chini yake, mawe madogo yakidondoka, au nyufa mpya kwenye ncha zote mbili za tumbo.

Dalili ya tano: vigae vya mawe vinateleza, dari lina madoa

Paa la vigae vya mawe ni zito, laweza kufika kilo 100 kwa mita ya mraba. Vigae vikubwa viko chini, vidogo juu, na kila kimoja kimetundikwa kwa kijiti cha mwaloni au msumari. Jiwe hudumu kuliko kinacholishikilia: vijiti vinaoza, misumari inaliwa na kutu, fito zinachoka. Kimoja kikiteleza ni bahati mbaya. Vikiteleza vingi kila majira ya baridi, vishikizo vimekwisha, na paa zima litafunguliwa na kutandikwa upya kwa vigae vilevile, huku vilivyovunjika tu vikibadilishwa.

Kagua kwa darubini ukiwa chini, kisha darini mchana taa zikiwa zimezimwa. Penye mwanga ndipo penye mwanya. Makutano ya paa na dohani na mabonde ya paa ndiyo huvuja kwanza. Usipande juu ya vigae. Utavunja kumi ukitafuta kimoja, na vyote pamoja na wewe ni njia moja ya kwenda chini.

Usikubali mtu apulizie povu upande wa ndani wa paa. Mbao haziwezi kupumua tena, vigae haviwezi kutumika tena, na benki nyingi hukataa kukopesha nyumba yenye povu hilo.

Simama ukikuta kinyesi kikavu kama cha panya kinachopukutika kuwa unga ukikisaga kwa kidole chenye glovu. Ni cha popo. Popo wote Uingereza wanalindwa na sheria, na kuvuruga makazi yao ni kosa hata wakiwa hawapo siku hiyo. Pata ushauri wa Natural England, taasisi ya serikali ya mazingira asilia, kabla ya kazi yoyote.

Dalili ya sita: mbao zina vitundu na unga

Vitundu vya milimita 1.5 hadi 2 ni vya mbawakawa mdogo wa fanicha. Vya milimita 3 hivi kwenye mwaloni ni vya yule mkubwa, Xestobium rufovillosum, anayegonga mbao kwa kichwa majira ya kuchipua akiita mwenzake. Usiku wa kimya utamsikia. Habari njema ni kwamba vitundu vingi ni makaburi matupu ya zamani. Safisha unga wote mwezi Machi, gundisha karatasi nyembamba juu ya vitundu, rudi Julai. Karatasi nzima na hakuna unga mpya, hakuna mdudu. Akiwapo, yupo kwa kuwa mbao ina unyevu. Kausha mbao, naye ataondoka. Dawa ya kupuliza haifiki ndani ya boriti nene anakoishi.

Kibaya zaidi ni kuvu iitwayo Serpula lacrymans. Harufu ya uyoga, mbao zilizopasuka kwa vipande vya mraba, unga mwekundu wa kutu juu ya vitu, nyuzi za kijivu zinazovuka hata juu ya mawe. Inahitaji mbao yenye unyevu wa asilimia 20 au zaidi. Tafuta maji yanakotoka leo hii. Mtaalamu aitwe ikiwa ncha ya boriti iliyoingia ukutani imelainika, au sakafu inanesa ukitembea.

Dalili ya saba: moshi unarudi chumbani

Kunguru wadogo wa huko hupenda kudondosha vijiti ndani ya dohani hadi vijae. Muite msafishaji, ambaye hata bila kunguru anapaswa kuja angalau mara moja kwa mwaka. Kiota chenye mayai au makinda hakiguswi kisheria. Kama njia ni safi, fungua dirisha moto ukiwaka. Moshi ukipanda, chumba kimezibwa mno na moto haupati hewa, au feni ya jikoni inauvuta moshi chini. Bado? Pima. Eneo la njia ya moshi linatakiwa liwe angalau sehemu ya nane ya eneo la mdomo wa meko, na meko ya zamani ya kupikia yana midomo ambayo mtu mzima anaingia. Bandika karatasi ngumu isiyoshika moto kupunguza urefu wa mdomo kutoka juu, usogeze hadi moshi utulie. Hapo umejua ukubwa wa kizuizi cha kudumu.

Madoa ya kahawia yanayopenya lipu kando ya dohani, au harufu ya moshi kwenye chumba cha juu, ni jambo tofauti kabisa. Kuta za ndani zinazotenganisha njia za moshi zimetoboka. Usiwashe tena. Kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, na itamfuata aliyelala ghorofani. Weka king'ora chake katika kila chumba chenye jiko au meko, na muite fundi aliyesajiliwa na HETAS, chombo kinachosajili mafundi wa majiko ya kuni na makaa. Dohani ikishika moto wenyewe, ikinguruma na kutoa cheche juu, toeni watu nje na mpige 999.

Dohani isiyotumika usiizibe moja kwa moja juu na chini. Weka kofia yenye matundu juu na tundu la hewa kwenye meko, la sivyo unyevu utakaa humo na baada ya baridi moja au mbili utauona kwenye lipu ya chumba cha kulala.